Baba aliutisha mji mzima, leo naombwa niuchoree zahanati

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msanifu majengo, nimesajiliwa na bodi hapa Tanzania na nina ofisi ndogo Dar es Salaam. Nilizaliwa Zaire, katika mji mmoja wa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika ambao naomba nisiutaje. Marehemu baba yangu alikuwa mkubwa wa usalama pale katika miaka ya mwisho ya Mobutu. Nasema "mkubwa wa usalama" kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kusema nyumbani. Mjini walisema mengine. Kwa watu wa mji ule baba ndiye aliyekuwa rais. Akisema mtu alale ndani, analala. Akikipenda kiwanja, mwenyewe anahama.

Vita vilipofika mwaka 1996 tulivuka ziwa usiku kwa boti tukaingia Kigoma. Nilikuwa na miaka tisa. Baba aliishi Kigoma kimyakimya, akaugua, akafa bila kuulizwa na mtu yeyote kwa lolote. Mama alinisomesha kwa kuuza mawese na dagaa. Shuleni niliandikishwa kwa jina la babu, ambalo nilipewa tangu kuzaliwa. La baba sijalitumia tangu tuvuke.

Nilipokuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu Ardhi, mwalimu alitupa zoezi: kila mtu achore kwa kumbukumbu nyumba aliyokulia, na vipimo akadirie. Nilifurahi. Nikachora sebule, baraza linalotazama ziwa, jiko la nje, mwembe. Nyuma ya gereji nikachora stoo. Mwalimu alipopita aliweka kidole pale, akaniuliza mbona stoo haina dirisha ila tundu la hewa chini ya dari, na mbona makomeo ni mawili na yote yako nje. Nikamjibu ndivyo ilivyokuwa. Akanitazama, akaenda kwa mwingine. Usiku ule ndipo nilipokumbuka kwamba tulikatazwa kabisa kucheza nyuma ya gereji, na kwamba kuna nyakati mama alikuwa akiinuka ghafla kuongeza sauti ya redio.

Sasa shida yenyewe. Mwaka jana wenyeji wa mji ule wanaoishi nje, wengine Dar, wengine Bujumbura, Lubumbashi na Ubelgiji, waliunda umoja wao wakachanga fedha wajenge zahanati yenye wodi ya wazazi. Mtu akawapa namba yangu kwa sababu nimewahi kuchora zahanati vijijini Kigoma. Nilikubali, tena nikasema sitaki malipo. Hawajui mimi ni mtoto wa nani. Mwenyekiti wao ni mzee wa rika la baba. Kila tukimaliza kuongea ananiombea dua, na mimi nimempenda kama mzazi. Mwezi uliopita alinitumia picha za kiwanja, kisha akanipigia: "Mwanangu, utakiona kirahisi, kimepakana na nyumba ya yule mnyama. Mimi nililala mle." Nikanyamaza. Akadhani mtandao umekatika, akaanza kuita haloo, haloo.

Nyumba ile bado ni yetu, Shangazi. Imepangishwa, na kodi yake ndiyo inayonunua dawa za presha na sukari za mama. Nimesikia kwamba kabla ya baba kiwanja kilikuwa cha familia ya mvuvi.

Nilimgusia mama. Alilia, akasema nikimtangaza baba nitakuwa nimemzika mara ya pili. Mke wangu anashauri nijitoe kwa kusingizia kazi nyingi. Rafiki yangu anasema ninyamaze nimalize, zahanati ni zahanati, wajawazito hawataulizana nani aliyechora. Mimi usingizi umenipaa. Nikimwambia mzee, si nitakuwa nimemtonesha kidonda ili mimi nipumue? Nikinyamaza, si natapeli? Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na sasa hata mwanangu wa darasa la tano ameanza kuuliza babu yake alikuwa nani. Nifanyeje?

Msanifu, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Mwambie mzee. Mwambie kabla hujamtumia ramani nyingine na kabla watu hawajachimba msingi. Nimelitanguliza hili ili usisome jibu zima ukitafuta mlango wa kutokea.

Njia unayosita kuishika imeshapitwa na mtu wa kazi yako hasa, ndiyo maana nitakaa kwake kidogo. Nianze na baba yake. Ujerumani kulikuwa na Albert Speer, msanifu mkuu wa Hitler, ambaye mwaka 1942 alikabidhiwa pia wizara ya silaha. Ndiye aliyeichora Berlin mpya iliyokuwa ijengwe baada ya ushindi, yenye barabara pana ya kukata jiji kutoka kaskazini hadi kusini na ukumbi wa kuba kubwa kupita kiasi. Ili nafasi ipatikane, ofisi yake iliwatoa Wayahudi kwenye nyumba walizopanga, na wengi wao wakaishia kusafirishwa kwenda kwenye mauaji. Mawe na matofali ya ujenzi ule yalichimbwa na kuchomwa na wafungwa wa kambi za mateso. Wewe unaijua kazi hii, kwa hiyo utaelewa kwa nini jambo hili hunikaa moyoni: mistari ile ilichorwa kwa penseli na rula kama zako, mezani, na watu waliosoma. Mahakama ya Nuremberg, iliyowashtaki wakubwa wa Hitler baada ya vita, ilimhukumu mwaka 1946 kifungo cha miaka 20. Alitoka gereza la Spandau mwaka 1966.

Mwanawe mkubwa naye aliitwa Albert Speer. Alizaliwa mwaka 1934, akacheza utotoni Obersalzberg, mlima aliokuwa na nyumba Hitler. Baba yake alipohukumiwa alikuwa na miaka 12. Alikua na kigugumizi kizito. Alianza kwa kujifunza useremala, akasoma masomo ya jioni, kisha akasomea usanifu Munich, na mwaka 1964 akafungua ofisi yake Frankfurt. Jina hakubadilisha. Hebu fikiria kijana anayebisha hodi kwenye milango ya halmashauri za Ujerumani kuomba kazi ya kupanga miji, anaitwa sawasawa na msanifu wa Hitler, na huyo msanifu wa Hitler bado yuko gerezani. Kazi alipata. Kuanzia mwaka 1972 alifundisha upangaji miji Kaiserslautern. Ofisi yake ilipanga eneo la maonyesho ya dunia ya Hannover mwaka 2000, mtaa wa mabalozi kule Riyadh, na mji wa Anting karibu na Shanghai. Alifariki mwaka 2017, akiwa na miaka 83.

Sikusimulii haya ili uone kwamba mwisho wake mambo hunyooka. Hayakumnyookea. Ofisi yake ilipochora mpango wa kurefusha mhimili mkuu wa Beijing, yaani mstari wa kati unaolikata jiji kutoka kaskazini hadi kusini, kabla ya Olimpiki ya 2008, magazeti yaliuweka kando ya ile barabara ya baba yake, mchoro kwa mchoro. Yeye alikataa ulinganisho huo. Kwa maoni yangu magazeti yalimwonea katika jambo moja, kwani mhimili wa Beijing ulikuwepo karne nyingi kabla ya Speer yeyote kuzaliwa. Lakini swali lenyewe lilikuwa la haki. Mtu mwenye historia ile, akiitwa na serikali isiyozoea kuwauliza raia wake barabara ipite wapi, anatakiwa awe wa kwanza kuuliza nani atahamishwa. Swali hilo litakufuata na wewe kila utakapokabidhiwa kiwanja, na usilichukie. Litakufanya uwe msanifu mwangalifu kuliko wenzako.

Umeniandikia ile methali ya nyoka. Chukua mfano wa pili uupime mwenyewe. Saif al-Islam, mtoto wa Muammar Gaddafi, naye alisomea usanifu, pale Tripoli, miaka ya 1990. Mwaka 2007 alizindua mpango wa kuilinda Jabal al-Akhdar, milima ya kijani iliyo karibu na magofu ya mji wa kale wa Cyrene, wasanifu wakubwa wa London wakiwa pembeni yake. Alisifiwa. Februari 2011 wananchi wa Libya walipoinuka, alikaa mbele ya kamera za televisheni akawatishia kwamba damu itatiririka kama mito. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikatoa hati ya kumkamata. Taaluma aliyosoma ni ileile aliyosoma Speer mdogo. Kwa hiyo usiogope damu yako, na vilevile usitegemee cheti chako kikusafishe. Mmoja alipoulizwa asimame wapi alisimama na baba. Mwingine alitumia maisha yake yote kusimama kando. Na wewe sasa umeulizwa, kwa simu, na mzee anayekuombea dua.

Lakini mtu ninayetaka umfuate kuliko wote ni dada yake Speer mdogo, Hilde Schramm, aliyezaliwa mwaka 1936. Huyu alirithi picha za kuchora kutoka kwa baba yao. Hakuwa na uhakika zilipatikanaje. Huenda zilitoka kwa Wayahudi waliolazimika kuuza vitu vyao wakikimbia. Hakusubiri uthibitisho. Aliziuza, na mwaka 1994 fedha zikaanzisha mfuko unaosaidia wanawake wa Kiyahudi walio kwenye sanaa na sayansi. Nikusome kwa makini, mwanangu: barua yako nzima inahangaika na jina, ilhali jina si lako kulilipa. Hukumfungia mtu yeyote komeo. Ulikuwa na miaka tisa. Kilicho chako ni nyumba, kwa sababu kodi yake inaingia mwezi huu na itaingia mwezi ujao, na unajua ilikotoka. Dawa ya deni ni kulipa, na hili ndilo deni pekee ninaloliona kwenye barua yako.

Basi anzia hapo. Mwezi ujao dawa za mama zitoke mfukoni mwako, hata kama itabidi mbane matumizi nyumbani kwako. Ile kodi ifungulie akaunti yake, isiguswe. Kisha tafuta hati. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ardhi yote kule ni mali ya serikali, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa cheti kilichosajiliwa. Unaweza kuona ilivyokuwa rahisi kwa mtu mwenye cheo kujiandikishia alipokuwa akiishi mvuvi asiye na karatasi. Kwa hiyo usitosheke ukikuta cheti kina jina la baba. Uliza majirani wazee, uliza kanisani au msikitini, jua familia ile ni ipi na wako wapi leo. Ukiwapata, mrudishiane kwa maandishi, mbele ya mwanasheria wa kule na mashahidi. Wasipopatikana, tutazungumza tena juu ya kutumia ile fedha kwa ajili ya mji, lakini usikimbilie huko kwanza kwa sababu ni rahisi zaidi.

Ile stoo usiibomoe. Najua mkono utakuwasha. Nairobi kuna jengo la Nyayo House, ambalo wengi hulijua kwa foleni ya pasipoti. Vyumba vyake vya chini vilitumika miaka ya 1980 kuwatesea waliodhaniwa kuipinga serikali, na kwa miaka mingi wakubwa walikana. Vilipofunguliwa mwaka 2003, waliofungwa humo waliweza kuingia na kuonyesha kwa kidole: hapa maji yalimwagwa, pale nililala. Kuta ziliwatolea ushahidi. Wewe una ujuzi ambao watu wengi wenye mzigo kama wako hawana. Nenda na futi, pima kile chumba, upana, kimo, lile tundu, yale makomeo, piga picha, chora kwa usahihi uleule unaochorea wodi ya wazazi. Mchoro huo uhifadhiwe. Kama chumba kibaki au kiondoke, waamue waliolala ndani yake.

Sasa mzee. Umeuliza kama kumwambia ni kumtonesha kidonda ili wewe upumue. Swali la mtu mwenye adabu hilo, na jibu lake liko kwenye namna utakavyosema. Usimwandikie ujumbe, wala usiseme kwenye kundi la WhatsApp la umoja wao. Safari yote ni yako: nenda alipo. Tanguliza mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, padri, shehe au mjomba, amwandae kwamba unakuja na neno zito, ili mzee asipigwe nalo ghafla akiwa peke yake. Ukifika, msalimie, kaa, litaje jina la baba yako lote kwa kinywa chako. Sema kwamba alipotaja ile nyumba ulinyamaza, na mtandao haukukatika. Mwambie juu ya stoo uliyoichora chuoni. Mwambie juu ya kodi. Halafu nyamaza. Usimwombe msamaha kwa niaba ya marehemu, maana utakuwa umempa kazi ya kukufariji wewe. Usilie hadi yeye ndiye akuletee maji. Usimweleze kwamba baba naye alikuwa akitii amri za juu. Kama atataka kukusimulia, sikiliza mpaka mwisho. Kama atainuka aondoke, mwache aondoke.

Jaffar Amin, mtoto wa Idi Amin, alifanya jambo la aina hii. Miaka mingi baada ya vita vya 1978 na 1979, vita vilivyoanza kwa majeshi ya baba yake kuivamia Kagera, alifunga safari hadi Butiama akaonana na Madaraka, mtoto wa Mwalimu Nyerere. Hakwenda kwa jina la kuazima.

Rafiki yako anasema zahanati ni zahanati. Anasahau kwamba watu wale wamekupa kazi wakiamini wewe ni mgeni. Hata miiko ya taaluma yako inataka mgongano wa maslahi utajwe kabla ya mkataba, na wewe nyumba yenu imepakana na kiwanja cha mteja! Peke yake hilo lilitosha kukufanya useme. Tena lipo hili la kuchora bure. Ulipokataa malipo ulikuwa tayari unalipa kitu, ila wao hawajui wanalipwa nini. Mtu hawezi kupokea malipo ya deni asilojua kwamba anadai. Ukishasema, waulize upya: mnataka niendelee, na kwa masharti gani? Wakitaka wakulipe kama msanifu mwingine yeyote, pokea bila kubisha, kwa sababu pengine hawataki kuwa na fadhila yako. Wakikukataa, wakabidhi ramani zote, pamoja na idhini ya maandishi ili msanifu mwingine azikamilishe, na usiwafuatefuate kwa simu. Wajawazito wa mji ule hawapaswi kucheleweshewa wodi kwa sababu ya familia yako mara mbili.

Wakikukubali, nakuomba jambo moja la kitaalamu. Kiwanja kinapakana na nyumba ile. Usichague peke yako mlango mkuu uelekee wapi, dirisha la wodi litazame nini, ukuta uwe na kimo gani upande ule. Mambo haya kwa kawaida msanifu huamua mezani kwake kwa kufuata jua na upepo. Safari hii waulize wao, hasa kina mama wazee, na usishangae wakikuambia kitu kinachoharibu mchoro wako mzuri. Uharibu.

Mama yako usimshambulie. Huyu ndiye aliyekuwa akiongeza sauti ya redio, na sijui alikuwa akikukinga wewe usisikie au akijikinga mwenyewe. Pengine yote mawili. Usimwombe akubaliane nawe, wala usimwambie kwamba baba alikuwa mnyama. Mwambie tu unakwenda, siku gani, na kwamba dawa zake hazitakatika. Akisema umemzika baba mara ya pili, usibishane naye. Mke wako pia alikuwa anakutafutia unafuu, lakini visingizio vya kazi nyingi huishi miezi michache. Mji ni mdogo, na mtu mmoja akiikumbuka sura ya baba yako kwenye uso wako kwenye hafla ya ufunguzi, mzee ataipata habari kwa watu badala ya kwako.

Mwanao wa darasa la tano mweleze kabla hujasafiri. Hahitaji kusikia habari za stoo sasa. Anahitaji jina kamili la babu yake, mji aliotoka, na sentensi moja ya kweli: babu alikuwa na mamlaka makubwa na aliwaumiza watu, na baba yako anakwenda kuonana na mmoja wao. Maswali atakayouliza baada ya hapo yajibu kwa kadiri anavyouliza. Asubuhi ya safari akitaka kukusindikiza mpaka stendi, mruhusu.